Rilei ya Chaji: Historia ya Mlinzi wa Betri

Betri ya risasi na tindikali haina uwezo wa kujilinda. Ikiunganishwa na chanzo chenye volti kubwa kuliko yake, hupokea umeme. Chanzo kikilegea, huutoa kwa njia ileile ulioingilia. Ikijaa huendelea kupokea, na umeme unaozidi huyavunja maji yake kuwa haidrojeni na oksijeni. Ndipo fundi anaposema betri inachemka. Kwa hiyo kila mtengenezaji wa chaja, tangu karne ya 19, amekabiliwa na maswali mawili: njia ifungwe na nani ili umeme usirudi nyuma, na ifungwe na nani betri inapojaa? Swali la kwanza lilijibiwa mapema kwa koili ya waya na kipande cha chuma. La pili lilichukua karibu miaka mia. Katika yote mawili kifaa kilichobeba kazi kwa muda mrefu zaidi ni rilei, na sehemu kubwa ya ubora wake ilitokana na tabia ambayo mtu angeweza kuihesabu kuwa kasoro.

Rilei haikubuniwa kwa ajili ya betri. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alionyesha kwamba waya wenye umeme huigeuza sindano ya dira. Miaka mitano baadaye Mwingereza William Sturgeon alizungushia waya kipande cha chuma na kupata sumaku inayowaka na kuzimika kwa matakwa ya mtu. Joseph Henry, mwalimu wa Albany katika jimbo la New York, aliongeza mizunguko ya waya hadi sumaku yake ikainua mizigo mizito, na mwaka 1835, akiwa Princeton, alitumia mkondo hafifu uliotoka mbali kuivuta sumaku ndogo, nayo ikaamuru mkondo mwingine wenye nguvu. Hiyo ndiyo rilei kamili: mkondo mdogo unafungua na kufunga mlango wa mkondo mkubwa, na mikondo hiyo miwili haichanganyiki. Jina lilitoka katika posta ya farasi, ambako farasi aliyechoka alibadilishwa kituoni ili barua iendelee na mpya.

Simu ya maandishi ndiyo iliyoisambaza. Njia ya Samuel Morse kati ya Washington na Baltimore, iliyofunguliwa Mei 1844, ilitegemea wazo hilohilo: alama iliyofika ikiwa imechoka iliamsha sumaku, na sumaku ikaita betri mpya ya kituoni. Chini ya bahari mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwenye waya uliounganisha Aden, Unguja na Durban mwaka 1879, mkondo ulifika ukiwa dhaifu mno, na makarani wa nyaya za aina hiyo walitegemea vyombo vyepesi vya William Thomson kuusoma. Nchi kavu, hata hivyo, rilei ilitawala, na mafundi wa simu ndio waliojifunza kwanza namna ya kukaza springi yake, kurekebisha mwanya kati ya chuma na sumaku, na kusafisha ncha zinazogusana.

Wakati huo betri nyingi zilikuwa za kutumia na kutupa kemikali zake. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alikunja mabamba mawili ya risasi pamoja, akayatenganisha na vipande vya kitu kisichopitisha umeme, akayatumbukiza katika asidi ya salfa. Chombo chake kilipokea umeme, kikauhifadhi na kuurudisha. Lakini nani angekichaji? Planté alitumia betri nyingine, zile za Bunsen, kuchajia betri yake, na kazi ya kuyakomaza mabamba kwa kuyajaza na kuyamaliza tena na tena ilichukua muda mrefu. Camille Faure aliondoa ucheleweshaji huo mwaka 1881 kwa kuyapaka mabamba rojo la oksidi ya risasi. Mwaka huohuo betri za Faure zilizochajiwa Paris zilisafirishwa hadi kwa Thomson huko Glasgow, zikafika zikiwa bado na umeme wake. Kwa watu wa wakati ule, umeme uliokuwa kitu cha kupita tu ulikuwa umepata ghala.

Ghala hilo lilihitaji mlango, na sababu ilijulikana tayari. Mashine ya Zénobe Gramme, dainamo ya kwanza iliyofaa kwa biashara, ilitokea mwaka 1871. Miaka miwili baadaye, katika maonyesho ya Vienna, dainamo moja iliunganishwa na nyingine, na ile ya pili ikaanza kuzunguka yenyewe. Dainamo, kumbe, ni mota pia. Ugunduzi huo uliofungua njia ya viwanda vya mota ndio uliokuwa hatari kwa mwenye betri: injini ya mvuke ikipunguza mwendo, volti za dainamo hushuka chini ya volti za betri, umeme hugeuka, na betri huanza kuizungusha dainamo iliyokuwa ikiijaza. Dainamo ikigoma kuzunguka kwa sababu imefungwa kwenye mkanda wa injini iliyosimama, mkondo huwa mkubwa kiasi cha kuunguza waya zake.

Katika nyumba na viwanda vya mwisho wa karne ya 19, mlango huo ulishikwa na mtu. Mhudumu alisimama mbele ya ubao wa swichi, akaangalia kipimo cha volti, akangoja dainamo iipite betri kidogo, kisha akashusha kisu cha swichi. Aliifungua kabla injini haijazimwa. Utaratibu ulifaa maadamu mhudumu hakusinzia. Haukufaa hata kidogo pale ambapo chanzo kilisimama na kuanza mara nyingi kwa siku, na hakuna chanzo kilichosimama mara nyingi kuliko ekseli ya behewa la treni.

Taa za umeme katika mabehewa ndizo zilizolazimisha kujiendesha. Kampuni ya J. Stone ya Deptford, London, ilianza katika miaka ya 1890 kufunga dainamo chini ya behewa, ikizungushwa kwa mkanda kutoka kwenye ekseli, pamoja na betri za kuwasha taa treni inaposimama. Mkanda ulipangwa uteleze mwendo ukizidi, ili dainamo isizunguke kupita kiasi, na swichi iliyofuata kasi ya mzunguko iliiunganisha na kuitenga betri. Ilikuwa mitambo mizuri, lakini ilipima kitu kisicho chenyewe: mwendo badala ya volti. Katika mifumo mingine, kazi ya kuunganisha na kutenga ilikabidhiwa rilei.

Rilei hiyo, ambayo mafundi wa magari waliita katauti, inastahili kuelezwa polepole. Ndani yake kuna kiini kimoja cha chuma laini chenye koili mbili. Ya kwanza ni ya waya mwembamba wenye mizunguko mingi, imeunganishwa moja kwa moja na dainamo. Hiyo ndiyo inayosikia volti. Ya pili ni ya waya mnene wenye mizunguko michache, na mkondo wote uendao kwenye betri hupitia humo. Dainamo ikiwa imelala, springi huziacha ncha wazi na betri imetengwa. Mwendo ukiongezeka na volti zikafika kiwango kilichowekwa, koili nyembamba huvuta bamba la chuma, ncha hugusana, na mkondo huanza kwenda kwenye betri. Mkondo huo, ukipita kwenye koili nene, huongeza nguvu ya sumaku, na ncha hukazwa zaidi. Mwendo ukipungua, betri huanza kurudisha umeme. Sasa mkondo katika koili nene umegeuka, unapingana na sumaku ya koili nyembamba, sumaku inadhoofika, springi inashinda, na ncha zinaachana.

Hakuna kipande katika kifaa hicho kinachojua umeme unaelekea wapi, lakini muungano wa koili mbili unajua. Ni mojawapo ya usanifu safi kabisa katika historia ya umeme, na uzuri wake upo katika pengo. Rilei yoyote hushika kwa volti kubwa kuliko zile inazoachilia, kwa sababu chuma kikishafika karibu na sumaku huhitaji nguvu ndogo kukishikilia. Kwa anayetaka kipimo sahihi, pengo hilo ni kero. Kwa katauti lilikuwa uhai. Kama kiwango cha kushika na cha kuachia vingekuwa kimoja, ncha zingegonga bila kukoma kila gari lilipotembea polepole, na zingeungua ndani ya siku chache. Kwenye sanduku la Lucas RB106, lililofungwa katika magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950, yakiwemo Land Rover zilizotambaa barabara za vumbi za Afrika Mashariki, katauti ilirekebishwa ishike kati ya volti 12.7 na 13.3, na iachie volti zikishuka hadi kati ya 8.5 na 11.

Gari lilikuwa limepata umeme kamili mapema zaidi, kwa Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Kampuni yake, Delco, ilibuni mfumo wa kuwasha injini, kuchoma mafuta na kuwasha taa uliouzwa katika Cadillac ya mwaka 1912. Mashine moja ilikuwa mota wakati wa kuwasha na dainamo injini ikishakubali. Ile hatari ya Vienna iligeuzwa kuwa huduma. Betri ziliunganishwa kwa kufuatana kupata volti 24 za kuwashia, kisha zikapangwa sambamba kwa volti 6 za kuchajiwa, na swichi ndiyo iliyobadilisha mpango huo. Swichi hiyo ilikuwa tata, na wabunifu waliofuata walichagua njia rahisi ya volti moja kwa kazi zote. Huko Ujerumani, kampuni ya Bosch ilitoa mwaka 1913 seti nzima ya taa, dainamo, betri na kidhibiti chake.

Hadi hapo swali la kwanza lilikuwa limejibiwa. La pili lilibaki wazi. Magari ya bei nafuu, Ford Model T yakiwa mfano maarufu baada ya kupata staata ya umeme mwaka 1919, yalikuwa na katauti juu ya dainamo lakini hayakuwa na kitu cha kupima kujaa kwa betri. Mkondo ulidhibitiwa kwa brashi ya tatu ya kaboni iliyosogezwa kwa mkono: fundi aliiweka mahali pamoja, na dainamo ikatoa mkondo uleule kwa betri iliyojaa na iliyo tupu. Wenye magari waliosafiri mchana kutwa walishauriwa kuwasha taa kubwa ili umeme wa ziada upate pa kwenda. Betri ikikatika kwenye waya wake, volti zilipanda ghafla na balbu zikaungua.

Dawa ilitoka kwenye vituo vya kuzalisha umeme. Mmarekani Allen Tirrill alikuwa amebuni, mwanzoni mwa karne ya 20, kidhibiti kinachotetema. Wazo hilo lilipopunguzwa ukubwa na kuingizwa kwenye gari, rilei ya pili ilikaa kando ya katauti. Hii haikugusa njia ya betri. Iligusa koili ya uga, ile inayoipa dainamo sumaku yake. Volti zikizidi, ncha ziliachana na uga ukalazimika kupitia kwenye rezista. Dainamo ikadhoofika, volti zikashuka, ncha zikarudi. Zoezi hilo lilirudiwa mara nyingi kwa kila sekunde, kwa hiyo betri haikuona kupanda na kushuka, iliona wastani tu. Katauti ilitaka pengo pana kati ya kushika na kuachia, na kidhibiti kilitaka pengo jembamba kuliko yote. Sanduku moja lilibeba rilei mbili za tabia zinazopingana, na baadaye likaongezewa ya tatu ya kuzuia ampea zisizidi uwezo wa dainamo.

Joto nalo lilihesabiwa. Betri yenye joto hujaa na kuchemka kwa volti ndogo kuliko iliyo baridi. Kwa betri ya volti 12, tofauti ya nyuzi 10 za Selsiasi ni takriban robo ya volti. Watengenezaji waliweka springi ya metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, ili kidhibiti kijirekebishe chenyewe. Dereva aliyetoka Limuru asubuhi ya baridi akashuka hadi Mombasa hakuhitaji kugusa kitu.

Katauti haikushindwa na rilei bora zaidi, ilishindwa na kitu kisichosogea. Daiodi ya silikoni hupitisha umeme upande mmoja tu, na ilipokuwa rahisi kutengenezwa kwa mikondo mikubwa, altaneta iliingia. Chrysler iliifunga katika Valiant ya mwaka 1960, na ndani ya miaka michache watengenezaji wengine wakafuata. Altaneta hutoa mkondo geu, daiodi huunyoosha, na daiodi hizohizo huzuia betri isirudishe umeme injini ikizimwa. Kidhibiti cha kutetema kilidumu kidogo zaidi, kisha transista zikachukua nafasi yake. Jina halikufa haraka kama kifaa: mafundi wengi waliendelea kuita katauti kidhibiti chochote cha chaji, hata kisicho na ncha za kukata chochote.

Kwenye meza ya karakana historia ilifuata mkondo mwingine. Umeme wa mjini ulikuwa mkondo geu, na betri hutaka mkondo mnyoofu. Kinyoosha mkondo cha mvuke wa zebaki cha Peter Cooper Hewitt, cha mwaka 1902, kilitumika katika gereji za magari ya umeme ya Marekani, na baadaye balbu za Tungar za General Electric, zenye uzi wa tungsteni ndani ya gesi ya agoni, zilichaji betri za magari na za redio. Chaja hizo zilizimwa kwa mkono au kwa saa ya kuhesabu muda. Kazi hiyo iliufaa mpango ambao kila mwanafunzi wa umeme huuchora mapema: kitufe cha kuanzia kinachobonyezwa mara moja, rilei inayoshika na kujishikilia kupitia ncha yake yenyewe, na kitufe cha pili, au saa, kinachokata njia ya koili. Una faida isiyosemwa sana: umeme wa mjini ukikatika na kurudi, rilei haijirudishi. Chaja hubaki imezimwa hadi mtu aje.

Kilichokosekana ni jicho la kupima volti kwa usahihi. Rilei ya kawaida ya volti 12 hushika kwenye volti 9 hivi na inaweza isiachie hadi chini sana ya hapo. Haiwezi kutofautisha betri ya volti 13 na ya 14.4, ambayo ndiyo tofauti kati ya betri inayopokea na iliyojaa. Daiodi ya Zena ilitoa kipimo kisichoyumba, transista ikalinganisha, na rilei ikabaki mkono wa kutekeleza. Saketi ya 555, aliyoisanifu Hans Camenzind mwaka 1971 kwa kampuni ya Signetics, iliwafaa sana mafundi kwa sababu ndani yake mna vilinganishi viwili, kimoja kwenye theluthi moja ya volti zake na kingine kwenye theluthi mbili, pamoja na kumbukumbu ya hali ya mwisho. Ilikusudiwa kuhesabu muda. Wenye betri waliitumia kuweka viwango viwili: acha kuchaji hapa, anza tena pale. Pengo lililokuwa tabia ya chuma na springi sasa likawa jambo la kupangwa kwa rezista.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa jua. Kwa miaka mingi familia zisizo na umeme wa gridi zilibeba betri za magari hadi mjini zikachajiwe kwa malipo, kisha zikarudi nazo kuwasha redio na televisheni. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Kenya, mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu Mark Hankins walifunga paneli katika shule ya Karamugi, upande wa Meru, na kuwafundisha mafundi wa huko. Soko lililofuata lilikua kwa fedha za wakulima na walimu wenyewe, na betri nyingi zilizouawa katika miaka hiyo ziliuawa kwa kukosa kidhibiti: zilikamuliwa usiku hadi zikaisha kabisa.

Paneli ilirudisha maswali yaleyale. Usiku kwake ni kama kusimama kwa treni: volti zake hushuka na betri huweza kuvujisha umeme kuirudia, kwa hiyo daiodi ya kuzuia iliwekwa. Kujaa kulihitaji rilei au transista. Hapo usanifu wa rilei ulidai ujanja ambao gari halikuudai. Koili hula takriban miliampea 150, na paneli ndogo ya wati 15 hutoa kama ampea moja tu jua likiwa kali. Rilei inayoshika mchana kutwa ingekula sehemu kubwa ya mavuno. Wasanifu wazuri walichajia kupitia ncha iliyofungwa rilei ikiwa imelala, ile ambayo kwenye rilei za magari huandikwa 87a. Koili iliamshwa betri ikishajaa, wakati umeme wa kuilisha ni wa ziada. Gharama ya chaguo hilo ni kwamba koili ikikatika, chaji haisimami, na hilo fundi alipaswa kulijua.

Mambo mawili madogo yamewagharimu watu rilei nyingi. Koili ikikatwa umeme hutupa volti nyingi kinyumenyume, zenye kuua transista inayoiendesha. Daiodi moja ya bei ndogo iliyowekwa sambamba na koili, ikielekezwa kinyume na chanzo, huzimaliza. La pili ni cheche. Mkondo geu hufika sifuri mara mia kwa sekunde katika umeme wa hezi 50, na cheche hufa yenyewe. Mkondo mnyoofu haufiki sifuri kamwe, na cheche hunyooka na kula ncha. Ndiyo maana rilei ya ampea 10 kwa volti 250 za mkondo geu mara nyingi huandikwa volti 30 tu kwa mkondo mnyoofu.

Vidhibiti vya jua vya leo hutumia transista zisizo na sauti, lakini rilei haijaondoka. Imo ndani ya stabilaiza za majumbani na katika mitambo ya kubadili kutoka gridi hadi jenereta. Imo pia katika gari la umeme, ambamo betri ya mamia ya volti hutengwa na mota kwa rilei kubwa ziitwazo kontakta, na nyingine ndogo hushika kwanza kupitia rezista ili mkondo wa kuanzia usiunguze ncha. Gari hilo likichomekwa kwenye chaja, kompyuta hukubaliana na chaja kwanza, kisha ndani ya sanduku la betri husikika mlio mfupi wa chuma kikivutwa na sumaku.